Mboga na maua kwenye bustani moja ya mbele ya nyumba, inawezekana? (Mbeya)

mama_isyesye

Habari zenu wadau, naombeni mawazo. Nipo Mbeya mjini upande wa Isyesye, tumehamia kwetu na mbele ya nyumba kuna kaeneo ka kama mita 9 kwa 5 kutoka barazani mpaka getini, baraza inaangalia kaskazini. Baba watoto anataka pawe maua tu, waridi, agapanthasi na nyasi katikati, anasema mboga zikae nyuma, mgeni akiingia getini asikutane na sukuma wiki. Sasa huko nyuma kuna shimo la choo, kuna banda la kuku, na mti wa jirani umefunika nusu nzima, nikipanda mchicha unarefuka kutafuta jua unabaki mabua tu. Kila jioni natuma mtoto akanunue mboga ya buku na jua lote liko pale mbele halina kazi.

Nataka nichanganye, maua yawepo na mboga ziwepo hapohapo ila pabaki pazuri. Maswali yangu: waridi linapigwa dawa sana, je mboga iliyo jirani yake inalika? Alafu marigodi kweli inafukuza wadudu wote kama watu wanavyosema? Na ntapanga vipi ili isionekane shamba? Nina watoto wawili wadogo, wa mwisho anaweka kila kitu mdomoni.

mkulima_uyole

Dada inawezekana kabisa, na wala usigombane na shemeji maana mboga nyingi zenyewe ni pambo ukizipanga vizuri. Anza na spinachi, hii ya sokoni ni ndugu wa bitiruti kabisa, na kuna mbegu zake zenye bua jekundu, la njano na la pinki, zipo kwenye paketi moja zimechanganywa. Panda mstari mmoja kando ya njia ya kuingilia, mche na mche sentimita 30, jua la asubuhi likipita kwenye yale mabua mekundu mtu anasimama kuuliza ni ua gani hilo. Na unavuna majani ya nje tu, la kati unaliacha, kwa hiyo mstari haubaki na pengo. Hapo ndipo watu wengi wanapoharibu bustani ya mbele, wanapanda vitu vya kung'oa, kabichi ukikata leo kesho kuna shimo la udongo mtupu mbele ya mgeni. Mbele weka vitu vya kuchuma kidogokidogo: spinachi, sukuma, saladi nyekundu ya majani, giligilani, vitunguu majani, rozimari. Kabichi, karoti na viazi havina nafasi pale hata kama udongo ni mzuri kiasi gani.

Jambo la pili ni jua, na hili kwa huku kwetu ni la kuzingatia kweli. Sisi tupo kusini ya ikweta kama nyuzi 9 hivi, mwezi wa sita na wa saba jua la mchana linakuwa limelala upande wa kaskazini, na ndo miezi ya baridi ambayo mboga inalihitaji zaidi. Baraza yako inaangalia kaskazini, una bahati sana, nyumba haikuzibii jua kipindi hicho. Kwa hiyo virefu viweke karibu na ukuta wa nyumba, vifupi vije mbele kuelekea getini. Ukifanya kinyume, ukajaza waridi refu na bugenvilia getini, kivuli chake kitaangukia mboga kipindi chote cha baridi na utasema udongo mbaya.

Pembeni kwenye njia weka rozimari badala ya ile fensi ya mimea ya kukatakata, inakatika vizuri tu kwa mkasi, inanukia mtu akiigusa na gauni, na tawi unalokata linaingia kwenye nyama. Inataka udongo usiotuamisha maji, kwa hiyo inua tuta kidogo. Fensi ikikamilika pandisha pasheni, ile ya zambarau ndo ya huku kwenye baridi, ua lake sidhani kama kuna ua la kununua linalolizidi.

Tuta lisizidi mita 1 na robo hivi kwa upana, yaani mkono ufike katikati ukiwa umesimama njiani, la ukutani liwe nusu yake. Ukilazimika kukanyaga ndani ya tuta ili uchume, pataharibika tu.

kamwene_ir

Kamwene wote. Niko Iringa, nimefanya kazi ya kutunza bustani za watu miaka mingi kwa hiyo nijibu hilo la dawa kwa sababu naona mwenzangu hapo juu kalipita na kwangu mimi ndo swali lenyewe.

Dada ukitaka kula kutoka kwenye hilo tuta, basi kila kitu kilichomo kwenye hilo tuta kitunze kwa sheria ya mboga, waridi likiwemo. Hakuna njia ya katikati. Dawa ya bomba la kupulizia inapeperuka, upepo wa Mbeya mnaujua wenyewe, ukipiga waridi saa nne asubuhi spinachi iliyo hatua moja imeshapata. Na kuna aina ya dawa za wadudu ambazo hazibaki juu ya jani, zinaingia kwenye utomvu wa mmea na kutembea nao mpaka kwenye ua, zile za kundi la imidaklopridi. Ukimwagia hiyo kwenye shina la waridi, iko kwenye udongo ambao mizizi ya giligilani imo pia, na nyuki anaikuta kwenye ua. Kwenye bustani ya maua matupu mtu anapiga bila kusoma kitu, maana nani atakula waridi. Kwenye mboga lazima usome kile kipengele cha siku za kusubiri kabla ya kuvuna, na lazima kiuatilifu kiwe kimesajiliwa na TPHPA, ile mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, kwa zao hilo hasa, sio "hii hata kwenye mboga inafaa tu" ya muuza duka. Mimi binafsi nasema mbele ya nyumba yenye watoto, bomba lisiingie kabisa.

Sasa utauliza waridi litaishije. Linaishi. Ugonjwa mwingi wa waridi ni ukungu, yale madoa meusi kwenye jani na ule ubwiriunga mweupe, na vyote vinapenda majani yaliyobanana na yasiyopata hewa. Liache mita moja kutoka kwa mwenzake, kata matawi ya katikati yanayokwaruzana ili upepo upite, mwagilia chini kwenye shina asubuhi usimwagie majani, na okota majani yaliyoanguka yenye madoa ukayachome. Vidukari wakikaa kwenye kikonyo kichanga paka maji ya sabuni ya kipande au wabane tu kwa vidole. Litakuwa na madoa mawili matatu kipindi cha mvua, shemeji avumilie. Na nunua waridi la kienyeji lile la pinki linalonukia ambalo liko kwenye kila nyumba ya zamani ya misheni huku kwetu, lile halijui dawa. Waridi la kitaluni lenye ua kubwa kama sahani ndo linalotaka bomba kila wiki.

Kingine, waridi ulilonunua kwenye kitalu limeshapigwa dawa huko lilikotoka, kwa hiyo petali zake usiweke kwenye chai wala juu ya keki msimu wa kwanza. Na mboga usiipande kwenye shina lake moja kwa moja.

tukuyu_kwa_mvua

Mwagonile. Wote mmesema vizuri ila mtoto anayeweka kila kitu mdomoni hajajibiwa, nami hilo ndo lingenitia wasiwasi.

Mama, ukichanganya chakula na maua unamfundisha mtoto kwamba kilicho kwenye tuta hili kinalika. Leo unamwambia chuma hilo jani ulete jikoni, kesho anachuma mwenyewe. Kwa hiyo sheria ya kwangu mimi ni kali: kwenye tuta la mchanganyiko hakuna ua hata moja lenye sumu, hata liwe zuri vipi. Maua mengi yanayopendwa huku kwetu kwenye baridi yana sumu. Ua la tarumbeta, lile linaloning'inia jeupe au la rangi ya machungwa, watu wamefanya fensi, mmea mzima ni sumu kuanzia jani mpaka mbegu. Oleanda hivyohivyo. Haidranjia nayo, zinastawi sana huku Tukuyu kwa sababu ya mvua, nzuri kwelikweli, lakini sio za kutafunwa. Lantana pia, na vile vitunda vyake vyeusi ndo vinavyomvuta mtoto. Mnyonyo usiseme, mbegu zake zinavutia kuchezea na ni hatari kuliko vyote hivyo. Huna haja ya kuvikosa kabisa, hivyo visivyo vikali sana vikae upande mwingine wa kiwanja mbali na mboga, ila mnyonyo, oleanda na tarumbeta mi ningeng'oa mpaka watoto wakue.

Alafu kuna vinavyofanana, hapa hata mtu mzima anakosea. Huku sisi tunalima magimbi, jani lake kubwa ni pambo zuri sana kwenye sehemu yenye unyevu, mfano pale yanapotokea maji ya bafuni. Lakini kuna maua ya mapambo yenye jani la hivyohivyo, mengine yana mabaka mekundu na meupe, mengine ya kijani tupu makubwa, hayo hayaliki, yanawasha mdomo na koo vibaya sana. Na hata gimbi lenyewe bichi linawasha, linataka kupikwa likaiva. Ukiamua gimbi liwe pambo, basi liwe gimbi tupu, yale mengine yasiingie kiwanjani. Vivyo hivyo vitunguu majani: usivipande karibu na amarilis wala ua lolote lenye kitunguu chini, ikiwa halijatoa ua majani yake yanachanganya, na kile kitunguu chake kinatapisha. Hiyo agapanthasi anayoitaka shemeji nayo nisingeiweka tuta moja na vitunguu majani, iwekwe kule getini.

Badala yake weka nastashiamu. Jani duara, ua la njano na la machungwa, inatambaa yenyewe, na yote inalika, jani lina ukali wa figiri hivi, ua unalitupia kwenye kachumbari. Inapenda ubaridi wetu. Maboga nayo yaacheni yatambae kwenye kona, ua la boga tunalila siku zote, ila chuma yale ya kiume yenye kikonyo kirefu chembamba, la kike lina kaboga kadogo chini yake, hilo liache, na usichume yote ya kiume maana nyuki anahitaji kupeleka chavua.

mama_isyesye

Jamani asanteni sana, sikutegemea majibu marefu hivi. Nimemsomea baba watoto hilo la mabua mekundu ya spinachi amekubali kidogo, hilo la tarumbeta limetushtua wote maana jirani analo ukutani na matawi yanaingia kwetu, kesho tunaongea naye kwa upole.

Naongeza maswali. Tumepewa mche wa parachichi la Hass, nimeona uwe katikati ya bustani kama ua kubwa halafu maua na mboga vizunguke chini yake, sawa? Nyanya zinaruhusiwa mbele? Na marigodi bado sijajibiwa.

bustani_njombe

Dada mi niko Njombe na parachichi ndo maisha yetu huku, nakuomba usiupande hapo katikati. Mita 9 kwa 5 huo mti ukikomaa umemaliza kila kitu, mashambani tunaacha mita 7 hivi kati ya mti na mti na bado vinakuja kushikana. Na shida sio kivuli peke yake. Mizizi inayokula ya parachichi iko juujuu, sentimita chache chini ya majani makavu, kila utakapopalilia mchicha chini yake unaikata, na jeraha la mzizi ndo mlango wa ule ugonjwa wa kuoza mizizi, ambao pia unapenda tuta linalomwagiliwa kila siku. Mboga inataka maji kila siku, parachichi linataka maji mengi mara moja kisha udongo upumue. Hawa wawili hawakai pamoja. Peleka mche nyuma mbali na lile shimo la choo.

Ukitaka mti mbele weka mpichi. Unakaa mdogo ukiupogoa, unamwaga majani kipindi cha baridi kwa hiyo jua linapita chini kwenye mboga wakati ule ule unaolihitaji, alafu baridi ikianza kuachia unafunika ua la pinki matawi yote kabla jani halijatoka. Hakuna mti wa mapambo wa kununua utakaokupa hiyo na bado ukakupa tunda. Mbeya baridi yenu inautosha. Chini yake zungushia stroberi, zinafunika udongo vizuri, ila weka nyasi kavu chini ya matunda yasiguse tope.

Nyanya mbele kipindi cha mvua, hapana. Kuanzia Desemba mpaka Aprili kwa mvua na ukungu wa Nyanda za Juu, nyanya inapata bakajani, ule ugonjwa wa kuunguza majani, ndani ya siku chache usipopiga dawa kila wakati, na hapo tunarudi kwa bomba alilolikataa ndugu yangu wa Iringa. Panda miche mvua zikikatika, umwagilie kwa mkono kiangazi. Ila mwezi wa sita na saba usiku zifunike na gunia, sisi Njombe na wenzetu wa Makete jalidi inachoma mpaka maharage, nyie Mbeya sio kila mwaka lakini bondeni huwa inafika. Spinachi, sukuma, njegere na giligilani hazina habari na huo ubaridi.

Marigodi sasa. Hili watu wanalitia chumvi. Ukweli uliopo ni kwamba mizizi ya marigodi, hasa ile fupi yenye ua la njano na kahawia, ina kemikali inayoua minyoo fundo, ile inayofanya mizizi ya nyanya iwe na vinundu. Lakini inafanya kazi pale ulipoipanda kwa kubanana eneo zima kwa kama miezi 2 hivi, kisha ukaichanganya kwenye udongo na ndipo ukapanda nyanya. Marigodi 5 pembeni ya tuta hazifanyi hiyo kazi, hizo ni pambo tu, na kiangazi zinaweza kuvuta utitiri mwekundu. Kwa hiyo kama udongo wako una vinundu, msimu mmoja jaza kona nzima marigodi, shemeji atafurahia maua na nyie mtakuwa mnatibu udongo kimyakimya. Kantangaze, yule mdudu anayetoboa majani na matunda ya nyanya, na sota anayekata miche, hawaogopi marigodi.

Kinachosaidia wadudu kweli ni kuacha giligilani chache zichanue. Vile viua vyeupe vidogo vinaleta kainzi kembamba kenye mistari ya njano kanakosimama hewani bila kutua, kanataga kwenye jani la sukuma lenye vidukari. Siku moja geuza jani uangalie chini, katikati ya vidukari utakuta kifunza cha kijani kilaini hakina miguu kinainua kichwa kikiwa kimeshika kidukari. Ukikiona usikiue, na ndo sababu nyingine ya kutopiga dawa.

mkulima_uyole

Nakubaliana na Njombe kwenye parachichi, kwenye nyanya natofautiana kidogo. Zile ndogo za cheri ukizipanda chini ya ukingo wa bati pale barazani ambapo mvua haizigusi, ukazifunga kwenye mti moja moja, zinavumilia mpaka mwezi wa pili hivi bila bomba, kwa sababu bakajani linataka jani lilowe. Mi kwangu nazipanda hivyo na watoto wanachuma. Ila kubwa za sokoni kweli ngoja kiangazi.

Na maji hamjagusia. Kuanzia mwezi wa sita mpaka wa kumi ni bili, na maji ya mgao. Tenga tuta kwa kiu: agapanthasi, mshubiri, rozimari na mchaichai vikae pamoja getini, hivyo utavimwagilia mara moja kwa wiki. Spinachi, saladi na stroberi zikae karibu na bomba la maji. Maji ya kuoshea vyombo yaende kwenye maua, kwenye mboga za majani zinazoliwa mbichi usiyamwage.

mama_isyesye

Sawa nimeelewa, parachichi linaenda nyuma, mpichi unakuja mbele. La mwisho kabisa, kuna kijana anapitisha viazi vidogo vya yale maua ya Kitulo anasema nikipanda yatatoka na pia viazi vyake vinalika, ni kweli?

makete_baridi

Mama usinunue, nakuomba kwa moyo wote. Hizo ni chikanda, viazi vya okidi za porini, kweli vinalika na vinachimbwa na kupelekwa mpaka Zambia, na ndo maana zimeisha kwenye maeneo mengi ambayo sisi tulikua tunaziona. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, watu wanaiita Bustani ya Mungu, kuchimba humo ni kosa na anayenunua anampa yule kijana sababu ya kurudi. Na kwako hazitaota, okidi ya ardhini inaishi kwa kutegemeana na kuvu maalumu aliye kwenye udongo wa kule uwandani, ukikihamishia Isyesye kile kiazi kitaoza. Njoo na watoto Desemba mpaka Machi mzione zilipo, bure ya macho baada ya kulipa kiingilio.

Ukitaka cha kupanda wiki hii kabla mvua hazijakolea, tafuta mtu mwenye rozimari akukatie vitawi vya urefu wa kidole, nyofoa majani ya nusu ya chini, choma kwenye mchanga wenye unyevu uliochanganywa na udongo kidogo, weka kivulini. Baada ya wiki 6 hadi 8 vuta taratibu, kikikataa kutoka kimeshika mizizi, hamishia njiani.